Vyumba Kumi na Sita Chini ya Sakafu ya Boti

Kama unasoma haya ukiwa na chupa ya katalizeri mkononi, iweke chini kwanza. Ifunge. Angalia mara ya pili kama imefungwa. Sawa, sasa tuongee.

Jina langu Ngoy, naishi Kapata, hapa Kolwezi, katika zile nyumba za kampuni ya shaba zilizojipanga kama watu wanaongojea mshahara. Nimefanya kazi ya resini miaka thelathini na minne. Thelathini na mitano ukihesabu ule mwaka tulioripoti kazini kila asubuhi na kukuta hakuna kazi. Mimi nauhesabu, kwa sababu niliamka.

Resini, kwa ambaye hajaishika, ni maji mazito kama asali, yenye harufu inayobaki kwenye shati hata ukilifua mara tatu. Unatia katalizeri kidogo, dawa ya kuigandisha, unaloweka ndani yake mikeka ya nyuzi za kioo, unapaka, unakandamiza kwa rulo, na baada ya nusu saa una ukuta ambao asidi haiwezi kuutafuna. Kazi yetu ilikuwa kukarabati matanki ya asidi, kule shaba inakooshwa. Siku nyingine mabomba. Boti hatukuzijua. Vijana wanaokuja kwangu siku hizi wananiuliza, "Tata, boti ulisomea wapi?" Nawajibu: ndani ya tanki. Wanacheka, wanadhani nimefanya utani. Wala si utani. Ni maelezo ya kosa langu, na nimeamua kuliandika pamoja na namna ya kutengeneza sakafu ya boti iliyooza, ili mkija kuchukua kimoja mwondoke na viwili.

Tuanze na katalizeri, kwa kuwa ndiyo itakayowatoa macho. Siku yangu ya kwanza kazini nilitia mara tatu ya kipimo, nikifikiri nitamaliza mapema niende nyumbani. Shefu wangu, msimamizi wetu, mzee mwenye kidole kimoja pungufu, hakunigombeza. Alichota resini ile kwa kikombe cha bati akanipa.

"Shika."

Nikashika. Kikombe kikaanza kupata moto.

"Shefu, inaunguza."

"Njo mwalimu wako huyo. Sikiliza somo."

Kilipoanza kutoa moshi alinihurumia, nikakitupa kwenye mchanga. Resini ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Tangu siku ile napima katalizeri kwa bomba la sindano, na nasoma namba mara mbili, mara moja kwa kila jicho. Asubuhi za Juni, kunapokuwa na baridi, resini ni mvivu, unaiongezea kidogo. Mvua zikianza usiiguse kabisa kama mawingu yako karibu. Unyevu unaingia ndani na kazi inabaki na weupe weupe. Ukiona weupe, ujue nyuzi hazikulowa. Kumbuka hilo la weupe. Ni namna ya kujua fundi alipima vizuri au hakupima, na mimi nilikuja kulijua kwa aibu.

Boti ninayoisema iko ziwani Nzilo. Zamani ilikuwa ya klabu ya mainjinia. Jumapili walizunguka nayo ziwani na bia zao, jioni wakaifunika. Mainjinia wakaondoka, boti ikabaki, ikapita mikono minne au mitano, mwisho ikanunuliwa na Mama Mwamini. Huyu ni mama wa familia ya Waislamu waliotoka Maniema, watu wa biashara na malori, mjane, mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee karibu, na ukishasogea umekwisha kukubali. Aliitumia kuvusha wanawake wanaoleta samaki na makala, makaa ya kupikia, kutoka vijiji vya ng'ambo. Kwa boti ni saa moja. Kuzunguka ziwa kwa miguu na beseni kichwani ni siku nzima, na samaki hawapendi siku nzima.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, aliniita. Boti ilikuwa imelala chini ya bashi, turubai lililochakaa, miaka tisa. Wanawake walikuwa wakivuka kwa mtumbwi wa mbao uliokwisha kuzeeka, wanajazana, na mwezi wa nne mtumbwi ulikuwa umepinduka karibu na ukingo. Hakufa mtu. Mabeseni yalikwenda.

"Tata Ngoy," alisema, "mara ya pili mayi haitatuhurumia. Nitengenezee hii boti."

Nikajadiliana naye siku tatu. Si malipo peke yake. Niliomba bashi jipya, chakula cha mchana, na mtu wa kunisaidia. Bashi nilipata. Chakula nilipata: bukari, ugali wetu, na samaki, kila siku, ukubwa uleule. Mtu sikupata, kwa sababu wanaume wote wenye mikono wako kwenye mashimo ya kobalti, na anayechimba kobalti hawezi kuja kushika ncha ya mkeka kwa ajili ya bukari.

Basi sikilizeni. Sakafu iliyooza haionekani kwa macho. Juu ni nyeupe na inang'aa, ungeweza kuoa juu yake. Vua viatu. Tembea pekupeku, polepole, kama unaingia nyumba yenye mgonjwa. Sakafu nzima inakurudishia mguu wako. Iliyooza inaupokea, laini, kama bukari ya jana. Weka alama ya makaa pale panapopokea, kisha ongeza shubiri mbili kila upande, maana uozo ni kama deni la ukoo, siku zote ni kubwa kuliko unavyoambiwa.

Sakafu ya boti ya namna hii ni ubao wa triplex, ule wa matabaka yaliyogundishwa, uliolazwa katikati ya ngozi mbili za resini. Chini yake zinalala mbao mbili ndefu kutoka mbele hadi nyuma, tunaziita longero, na mbao fupi zinazokatiza. Zote zimevishwa resini. Zikikaa kavu zinaishi kuliko wewe. Maji yakiingia, mbao ndani ya resini ni nguo mbichi ndani ya mfuko wa plastiki.

Ngozi ya juu unaikata kwa mashine ya kusaga. Usikate hadi ukutani! Acha ukingo wa vidole vinne pande zote, ndio utakaoshika sakafu mpya. Nilimjua fundi mmoja aliyekata hadi ukutani kwa kupenda usafi. Akabaki na boti safi isiyo na mahali pa kushikia kitu. Na kabla hujatoa longero, tegemeza tumbo la boti kwa magogo na mifuko ya mchanga, upime usawa kwa kamba. Boti isiyo na longero inalegea kama mkate uliolowa, na ukiijenga ikiwa imelegea umeifungia kilema chake ndani. Toa longero moja, weka mpya, iache ikauke. Ndipo utoe ya pili.

Watu wa mtaa wa Kasulo walichimba chini ya sebule zao wakakuta kobalti. Mimi nilifungua sakafu ya Mama Mwamini nikakuta jina la mtu.

Chini kulikuwa na vyumba kumi na sita. Ndivyo mimi na mwenzangu tulivyovijenga zamani: longero na mbao za kukatiza zinagawa tumbo la boti kuwa visanduku, na kila kisanduku kilikuwa kimefungwa kwa resini pande zote, hakina mlango. Nilitoboa cha kwanza, maji meusi yakatoka yakinuka. Cha pili, vilevile. Mbao nilizichota kwa kijiko, kama sombe, kisamvu kilichopikwa. Lakini resini yenyewe! Nilichukua kipande chake nikakigonga kwenye jiwe, kikalia kama sahani. Nikakivunja. Ndani kilikuwa angavu, nyuzi zote zimelowa, hakuna weupe hata wa kuficha chini ya ukucha. Nikachukua kipande kutoka kila chumba, vipande kumi na sita, nikavipanga mstari juu ya mchanga. Nikavihesabu, nikavigeuza, nikavihesabu tena kutoka upande wa pili. Vyote vilikuwa vizuri.

Nikakaa chini. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, nikasema peke yangu kwa sauti: "Nawej alipima vizuri."

Sasa mnataka kujua Nawej ni nani.

Kazi ya resini ni ya watu wawili. Mmoja analowesha, mwenzake anafuata na rulo kutoa hewa. Nawej alikuwa mwenzangu miaka kumi na tisa. Mlunda wa Musumba, mrefu, mpole. Maneno aliyosema kwa mwaka ungeyaweka ndani ya kiboksi cha kiberiti na njiti zikaenea bado. Yeye alipima na kulowesha, mimi nilipiga rulo na kutoa amri, kwa kuwa nilikuwa shefu. Kampuni ilipotuacha, tukatafuta kazi za pembeni pamoja, na miaka kumi na moja iliyopita Mama Mwamini akatuita kwa boti hii hii, sakafu yake ya kwanza ilipochoka.

Nikaijenga kama tanki. Mnaelewa? Tanki linashika maji ndani, na sisi maisha yetu yote tulipigana na tundu. Tundu dogo kama sindano linamwaga asidi, mtu anapoteza mguu. Kwa hiyo nilifunga kila chumba, kila kona, nikajivuna. Nawej alisimama na kopo lake mkononi akiangalia.

"Shefu, tutoboe matundu chini ya mbao."

"Matundu ya nini?"

"Ya mayi."

"Mayi itaingilia wapi, Nawej? Nimefunga yote."

"Mayi haiombaka ruhusa. Ikishaingia, itatokea wapi?"

"Haitaingia."

"Bon," akasema, akaendelea kupima.

Boti ni tanki lililogeuzwa nje ndani. Maji yanaizunguka, mvua inainyeshea, kila skrubu ya sakafuni ni mlango. Yataingia, hata ukiwa fundi wa malaika. Kazi yako ni kuyapa njia: tundu chini kabisa ya kila ubao unaokatiza, ili kila tone litembee chumba hadi chumba mpaka nyuma, kwenye kizibo, litoke. Nawej aliliona hilo kwa kuangalia tu. Mimi nilikuwa na miaka mingi mno ndani ya tanki.

Misimu miwili ya mvua baadaye, siku ya soko, mwanamke mwenye beseni la samaki alikanyaga sakafu ikampokea hadi gotini. Beseni likaenda majini. Yeye akatolewa analia, mguu umechubuka, na ukingo mzima ukaja kutazama. Wauza samaki, wabeba makala, watu wa pikipiki. Mama Mwamini akauliza, kwa ile sauti ya chini: "Nani alifanya hii kazi mubaya?"

Watu walikuwa wananiangalia mimi. Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Resini. Nawej alipima mubaya. Anakunywaka, munajua."

Nawej hakuwa mnywaji. Alikuwa palepale, ameshika kamba ya boti. Aliniangalia muda wa kutosha resini kukauka. Kisha akaifunga kamba vizuri kwenye nguzo, fundo mbili, akaondoka.

Mafundi wa resini hapa Kolwezi hatukuzidi kumi. Neno likianza asubuhi ziwani, mchana liko Kapata. Hakuna aliyempa tena tanki wala bomba. Baada ya miezi sita akapanda lori kurudi Musumba kulima mahindi, mtu aliyekuwa na mikono ile. Mke wangu, Mama Béa, aliniambia: "Mupigie." Nikasema kesho. Mwaka uliofuata akaniambia tena, nikasema kesho. Sasa Mama Béa amelala makaburini, watoto wako Lubumbashi, wanapiga simu Jumapili, dakika nne, na hakuna tena wa kuniambia nimpigie mtu.

Na angalieni jambo hili: uongo ule ulikuwa umenilinda. Mama Mwamini aliniita mimi mwaka huu kwa sababu aliamini mbaya alikuwa yule mwingine.

Nilipanga kunyamaza. Ningetengeneza boti, ningetoboa matundu kimyakimya, nani angejua? Vipande vile kumi na sita nilivizika mchangani. Kesho yake nikavifukua. Keshokutwa nikavizika tena. Siku ya nne Mama Mwamini alikuja kuangalia kazi, akanikuta navipanga kama kete za bao.

"Hii nini, Tata Ngoy? Unacheza kisolo peke yako?"

Nikamwambia. Si kwa ushujaa, nilichoka kuzika. Alisikiliza yote, akaokota kipande, akakigonga kwa pete yake.

"Kwa hiyo ile siku ulisema bongo."

"Nilisema bongo, mama. Uongo mutupu."

"Bon. Utairudisha ile neno."

"Nitamupigia simu. Leo."

"Hapana. Ulisema mbele ya batu. Neno ya mbele ya batu inarudishwaka mbele ya batu."

Nikaanza kujadiliana. Mnanijua, nimejadiliana na wauza mbao, na maafisa wa pansioni, hata na kasisi kuhusu urefu wa misa ya mazishi. Nikasema: basi mbele yako na nahodha wako. Akatikisa kichwa. Mbele ya watu watano. Akatikisa. Kumi, siku ya kawaida, asubuhi. Akacheka kidogo.

"Haya yako iko na bei, tata? Itakuwa siku ya soko, wote wakiwa hapa. Na hii boti haigusi mayi mbele ya ile neno kutoka."

"Na wanawake, na ule mtumbwi?"

"Bale bamama banakungojea weye, hapana mimi."

Hapo nikajua nimepatana na mtu anayenizidi. Boti ikiwa tayari na mimi sijasema, wanawake wangeendelea kujazana kwenye mtumbwi mbovu kwa sababu ya ulimi wangu. Nikarudi kazini.

Fundi akibaki mmoja, resini inajua. Tukiwa wawili tulichanganya lita tatu kwa mara moja. Peke yangu nilichanganya nusu lita, na katalizeri nusu ya kipimo cha kawaida, ili iningojee. Mkeka una ncha mbili, na mimi nilikuwa upande mmoja. Ncha ya pili niliiwekea jiwe. Nilikuwa na mawe manne. Jiwe halichoki, haliombi bukari, lakini pia halikuambii umepinda. Mara mbili niligeuka kusema "leta rulo," nikalikuta jiwe linaniangalia. Mchana nilikula nimekaa ndani ya boti, miguu kwenye chumba kimoja na mgongo kwenye kingine. Nilijisalimia asubuhi, nikajiaga jioni. Ziwa kule ni pana na kiangazi kina upepo. Ukipiga nyundo sauti inakwenda ng'ambo, inarudi baadaye kidogo, ukadhani kuna mtu anafanya kazi kama yako.

Mbao za longero nilizitafuta za mulombwa. Muuzaji aliapa zimekauka. Nikamwomba tupime ubao mmoja kwa mizani ya muuza samaki, tuuache juani siku tano, tuupime tena. Ukipungua, kule kupungua ni maji yake aliyotaka kuniuzia kama mbao. Siku ya tano hakuja kupima, alileta tu mbao nyingine bila salamu. Fanyeni hivyo pia, lakini muwe tayari kubeba mizani wenyewe.

Zilipokuja, nilizungusha kingo zote kwa randa, maana mkeka wa kioo hauwezi kukunja kona kali. Unaacha hewa, na hewa ndiyo mwanzo wa uozo. Pembeni, longero inapokutana na tumbo, nilijaza uji wa resini na unga wa mbao, nikausawazisha kwa mgongo wa kijiko. Mkeka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja mpana kuliko uliotangulia. Kisha nikachukua keekee na kutoboa. Chini kabisa ya kila ubao, hakuna chumba kisicho na mlango. Ndani ya kila tundu nikapaka resini mara mbili, kwa sababu ubao unakunywa kwa kichwa chake, pale unapokatwa, kuliko kwa ubavu. Ukitoboa bila kupaka umefungua mlango na kualika uozo ukae.

Juu yake nikalaza triplex mpya, nikaivisha resini hadi kwenye ule ukingo wa vidole vinne, nikaacha tundu moja la ukaguzi mbele. Kazi ilikwisha siku mbili kabla ya soko. Siku mbili hizo niliifuta vumbi boti isiyo na vumbi.

Siku ya soko walijaa. Mama Mwamini hakunisaidia hata kwa jicho. Alikaa juu ya kiti chake cha plastiki na kuagiza chai. Nikapanda juu ya gogo.

"Bamama, batata, munisikilize."

Nani amsikilize mzee juu ya gogo? Nikarudia kwa nguvu. Sauti ilinitoka nyembamba, kama ya kijana anayeomba mchumba.

"Miaka tisa iliyopita, hii boti ilivunjika. Mi nilisema ni Nawej, alipima resini mubaya, alikunywa. Ilikuwa bongo. Nawej hakunywaka. Resini yake ni hii hapa." Nikainua kipande. "Mi njo nilikataa kutoboa matundu. Yeye aliniambia, nikakataa. Kosa ni yangu mi, Ngoy."

Kisha muuza makala mmoja, mama mnene mwenye kitambaa cha njano, akapasua:

"Ee, tata! Miaka tisa unalala na ile kitu ku kifua? Hata nyoka angekufa!"

Wakacheka. Mwingine, mwembamba, hakucheka. Akakunja kitenge hadi gotini akaonyesha kovu refu, na sikuhitaji kuuliza ni nani.

"Na sasa," akasema, "umetoboa?"

"Nimetoboa, mama."

"Tuone."

Tukainua pua ya boti juu ya gogo. Nikamimina ndoo ya maji mbele, kwenye tundu la ukaguzi. Wote wakazunguka nyuma, wakainama kutazama kizibo kilichofunguliwa, matako juu, kama wanaomba. Sijawahi kuona maji yakichelewa vile. Yakaja kwanza uzi, halafu yakaja vizuri, wakaweka beseni chini yake. Ndoo moja iliingia, ndoo moja kasoro kikombe ikatoka. Kikombe kile kimebaki kulowesha njia, msiniulize. Yule mwenye kovu akachovya kidole kwenye beseni, akanusa, akapanda botini wa kwanza. Akapiga sakafu kwa kisigino mara tatu.

"Twende basi," akasema. "Samaki banaoza."

Wakaondoka. Mama Mwamini akanipa kikaratasi chenye namba ya simu. Malori ya mpwa wake hupakia mahindi Kapanga, karibu na Musumba. Namba ya Nawej alikuwa nayo siku zote.

Nilipiga kutoka pale ukingoni. Musumba mtandao ni wa kubembeleza. Mara ya tatu ikashika. Nyuma nilisikia mtu anatwanga.

"Nawej."

"Ni nani?"

"Ngoy."

Mtwangio uliendelea. Namjua, angeweza kuniachia hivyo hadi unité zangu, yaani salio la simu, ziishe. Nikamwambia yote: vyumba kumi na sita, resini iliyolia kama sahani, matundu, soko, maneno niliyosema, kama nilivyoyasema.

"Batu walikuwa ngapi?" akauliza.

"Makumi tatu na moya. Nilibahesabu mara mbili."

"Na ile siku ya kwanza, walikuwa ngapi?"

Vijana, mimi huhesabu ngazi za nyumba za watu nikienda kuwatembelea. Nahesabu maharagwe.

"Ile siku sikubahesabu," nikasema.

"Mi nilibahesabu." Akasema polepole, kama anasoma kipimo. "Makumi ine na tatu. Inabakia kumi na mbili."

Na unité zikaisha. Au alikata, sijui. Sikupata kumuuliza kwa simu niliyopiga kesho yake, kwa sababu hakuipokea.

Tangu hapo nawatafuta. Nakwenda kwa miguu, Kapata, Kasulo, sokoni, nauliza: mama, ulikuwa Nzilo siku ile mguu wa mtu ulipozama? Nimepata wanane ambao hawakunisikia juu ya gogo. Nimewaambia mmoja mmoja, nimesimama, kofia mkononi. Mmoja alinifukuza akidhani nauza dini. Wa tisa yuko makaburini; nilikwenda nikamwambia huko, nikamwandika pembeni, kwa kuwa sijui Nawej atamhesabu au hatamhesabu. Nikimpata na kumwambia wa mwisho nitapiga simu tena, hata asipopokea.

Wamebaki watatu. Kama ulikuwa pale, au ulikuwa mgongoni mwa mama yako umefungwa kitengeni, basi nasimama mbele yako sasa. Nawej alipima vizuri. Hakunywa. Kosa lilikuwa langu.